CT skani ya kichwa haiachi mionzi ubongoni

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: ukipigwa CT skani ya kichwa (kipimo cha picha za ndani ya kichwa), mionzi hubaki ubongoni na baadaye huleta saratani, kwa hiyo ukatae. Si kweli, na unaweza kumponza mtu mwenye dalili za kiharusi, ambaye kila dakika kwake ina thamani.

CT hutumia eksirei. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Hakuna inayobaki mwilini. Kipimo kimoja cha kichwa ni takribani milisiveti 2 (milisiveti ni kizio cha kupimia mionzi), wakati mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula humfikia mtu kwa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Hatari yake ni ndogo sana, ingawa wataalamu hawaihesabu kuwa sifuri, ndiyo maana watoto hupunguziwa kiwango na kipimo hakiagizwi bila sababu.

MRI, kipimo kingine cha picha za ndani ya mwili, haina eksirei kabisa. Ni sumaku na mawimbi ya redio. Nadhani mkanganyiko unatokana na PET, kipimo cha picha ambacho mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi. Hata hivyo, mionzi ya dawa inayotumika zaidi hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi.

Ukitaka kuhakiki, muulize mtaalamu wa radiolojia: mashine za kisasa za CT hurekodi kiwango kilichotumika. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyeutuma amuulize daktari wake kipimo kinatafuta nini.