Kupanga nyumba upya: anza na vinavyodhuru

Mwaka unapoisha, Ramadhani inapokaribia au familia inapohamia nyumba nyingine, wengi wetu huamua kupunguza vitu na kupanga nyumba upya. Kazi huanzia sebuleni, kwa sababu ndiko wageni wanakofikia. Kwa upande wa afya, sebule ingesubiri. Vitu vinavyolaza watu hospitalini vimejificha kwingine, na maswali na majibu haya yanaanzia huko.

Nianzie wapi?

Anza na dawa. Kila nyumba ina mahali pake pa kuzirundika: droo ya kabati la nguo, kopo la biskuti, mfuko uliotundikwa kwenye msumari. Mwaga zote mezani uzitazame moja moja. Utakuta nusu dozi ya amoksilini, vidonge viwili vya dawa mseto ya malaria, sharubati ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la tatu, na vidonge vilivyokatwa kwenye pakiti hadi jina limepotea.

Zinazotumika sasa, kama za presha au kisukari, zirudi mahali pakavu na juu, mtoto asipofika. Jikoni na bafuni si mahali pake, maana joto na unyevu huziharibu kabla ya tarehe iliyoandikwa. Zilizopita muda, zisizo na jina na zilizobaki kwenye dozi ziondoke. Antibayotiki zilizobaki ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi: mtu akikohoa anapewa vidonge vitatu vya "kujaribu", mara nyingi kwa ugonjwa usiotibiwa na antibayotiki kabisa, na vijidudu vilivyomo mwilini vinapata nafasi ya kujenga usugu. Sharubati ya antibayotiki inayokuja kama unga, ikishachanganywa na maji, hukaa siku 7 hadi 14 tu kulingana na aina yake, hata kama boksi linasema mwaka ujao.

Usizimwage chooni. Ulizia kwanza duka la dawa au kituo cha afya kama wanazipokea. Wasipopokea, toa vidonge kwenye pakiti, vichanganye na majani ya chai yaliyotumika au udongo, funga vizuri, na uvitoe siku gari la taka linapopita. Sindano za insulini ziweke kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, uzipeleke kituoni.

Chini ya sinki kuna chupa za soda zenye mafuta ya taa na dawa za kusafishia. Zina shida?

Shida kubwa. Mtoto wa miaka miwili anaijua chupa ya soda, hajui kilichomo. Rudisha kila kitu kwenye chombo chake chenye maandishi, kiwekwe juu na kufungwa. Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimnyweshe maziwa ili atapike. Akitapika, mafuta huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Mkimbize hospitali pamoja na ile chupa.

Betri ndogo za mviringo za rimoti na midoli zikusanywe siku hiyohiyo. Ikikwama kwenye umio wa mtoto, betri ya aina hiyo huweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili.

Nyuma ya nyumba kuna madumu, makopo na matairi. Yana ubaya gani kama hayana maji?

Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji. Maji yakikauka mayai hubaki pale, na huweza kukaa miezi mingi yakisubiri mvua. Mvua ikinyesha, yai huwa mbu kwa muda wa wiki moja hivi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakikulindi.

Matairi na vyuma wape wanunuzi wa chakavu kabla masika hayajaanza. Pipa na ndoo unazobaki nazo zisugue kuta za ndani kwa brashi na sabuni kila wiki, kisha zifunike. Kumwaga maji tu hakutoshi. Na mtu akipata homa kali na maumivu nyuma ya macho, asinywe diklofenaki wala aspirini iliyokuwa kwenye droo. Zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Atumie parasetamoli na aende kupima.

Stoo imejaa kinyesi cha panya. Nifagie?

Usifagie kikavu, utavuta vumbi lake. Fungua mlango na madirisha kwa nusu saa, vaa glavu, viatu vya kufunika na barakoa. Nyunyiza Jik iliyochanganywa, sehemu moja kwa tisa za maji, iache dakika tano, kisha futa kwa kitambaa na udeki. Jik isikutane kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Mkojo wa panya hubeba bakteria wa leptospirosisi, ambao huingia kwa michubuko, macho na mdomo. Mwaka 2022 wilayani Ruangwa, Lindi, ugonjwa huo, uliopewa jina la homa ya mgunda, uliwapata watu 20 na watatu wakafariki. Unatibika kwa antibayotiki ukiwahiwa, hivyo ukipata homa baada ya kusafisha stoo, mwambie daktari ulichokuwa unafanya.

Mtoto ana pumu, na bibi anaishi nasi.

Maboksi ni makao ya mende, na kinyesi chao huamsha pumu. Nguo zihamie kwenye ndoo zenye vifuniko. Mtoto asiwepo siku ya kazi. Kwa bibi, njia ya kitandani hadi chooni iwe tupu kabisa, bila ndoo, waya wala mkeka uliokunjika, na taa iwe karibu na mkono wake.

Mama yangu hataki kitu chochote kitupwe. Nivitoe akiwa safarini?

Tafadhali usifanye hivyo. Anaporudi atahisi ameibiwa, na ataanza kuficha. Omba ruhusa ya vitu vitatu tu: dawa zilizopita muda, njia ya kupita na chochote kilicho karibu na jiko. Nguo za marehemu na barua azipange mwenyewe, kwa wakati wake.

Ila kama hawezi tena kulala kitandani kwa wingi wa vitu, au anaumia vibaya hata makopo matupu yakitupwa, huenda ni ugonjwa wa kulimbikiza vitu. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautambua kama ugonjwa unaojitegemea, na Shirika la Afya Duniani pia linautambua. Tiba yake ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu. Ulizia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, na umsindikize.