Zebaki, dhahabu na jiko la nyumbani: maswali yanayoulizwa mwaloni

Mchimbaji mdogo wa dhahabu, awe Geita, Chunya au Migori upande wa Kenya, anajua vizuri sana namna zebaki inavyoshika dhahabu. Namna inavyoushika mwili wake ndiyo haijui, na si kosa lake, kwa sababu anayemuuzia hamwambii. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila ninapokaa mwaloni, mahali pa kuchenjulia dhahabu, na wachenjuaji (wanaoitenga dhahabu na mchanga wa mawe) na familia zao.

Zebaki ni kitu gani hasa, na kwa nini inatumika?

Ni madini ya aina ya metali, kama shaba au fedha, ila haya ni majimaji hata pasipo moto. Ni mazito ajabu: kijiko kimoja cha chai kinakaribia gramu 70. Jiwe likitoka duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, husagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, unga ukapitishwa na maji juu ya ubao uliotandikwa zulia au gunia, na mchanga mzito unaobaki huwekwa kwenye karai. Hapo ndipo zebaki inapomwagwa na mkono kukoroga. Inazifuata punje za dhahabu ambazo jicho halizioni na kuzikusanya. Kisha mchanganyiko hukamuliwa kwenye kitambaa, likabaki bonge la rangi ya kijivu. Karibu nusu ya uzito wa bonge hilo ni zebaki. Likitiwa motoni, zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za sentigredi ikapaa, na dhahabu inabaki palepale, maana yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064.

Naishika kwa mikono mwaka wa kumi huu na sijaugua. Hiyo sumu iko wapi?

Iko puani. Swali hili ndilo muhimu kuliko yote, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Zebaki ikigusa ngozi, kinachopenya ni kidogo. Hata mtu akimeza tone lake, karibu lote hutoka chooni. Ndiyo maana watu wanaiona haina neno. Lakini ikigeuka mvuke na ukauvuta, takriban asilimia 80 ya ulichovuta hupita kwenye mapafu na kuingia kwenye damu. Kutoka hapo huenda kwenye ubongo na kwenye figo. Na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Moshi unaouona ukitoka jikoni ni wa mkaa. Ule wa zebaki huuoni.

Asubuhi moja nilikaa uani kwa mama mmoja mchenjuaji. Alikuwa na bonge dogo, lingetoshana na punje ya harage. Aliliweka kwenye kipande cha bati, bati akaliweka juu ya jiko la mkaa, akainama kupuliza moto, mtoto akiwa mgongoni amelala. Taratibu bonge likapoteza mng'ao wake wa fedha, likafifia, likaanza kuwa la manjano. Haikuchukua dakika kumi. Alipolitoa, alilipuliza majivu, akalifunga kwenye kipande cha nailoni, na jiko lile lile akaliteleka sufuria ya uji.

Sasa tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri hewa anayoishi mtu isizidi, kwa wastani wa mwaka, maikrogramu 1 ya mvuke wa zebaki katika kila mita moja ya ujazo. Gramu moja ina maikrogramu milioni moja. Bonge la gramu nne tu linapeleka hewani kama gramu mbili. Na mvuke ukipoa hauishi: unatua kwenye paa, kwenye kuta, kwenye nguo na masizi, na siku ya jua kali chumba kikipata joto unapaa tena. Kwa hiyo hata asiyechoma, anayelala tu katika chumba kile, anavuta.

Nitajuaje kama imeshaniingia?

Ukivuta mvuke mwingi kwa mara moja, kwa mfano mlipochoma ndani ya chumba kilichofungwa, saa chache baadaye hukujia kikohozi, kifua kubana, homa na pumzi kuwa fupi. Hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na useme wazi kwamba ulikuwa unachoma dhahabu, la sivyo utatibiwa nimonia ya kawaida.

Inayoingia kidogo kidogo hujificha zaidi. Mikono inaanza kutetemeka. Muulize mtu aandike jina lake, utaona herufi zinavyoyumba. Usingizi unapotea, kumbukumbu inapungua, mtu aliyekuwa mpole anakuwa mkali kwa jambo dogo. Fizi zinavimba, mate yanajaa, mdomo unakuwa na ladha ya chuma. Figo nazo huumia kimyakimya. Inaniuma sana kusikia familia zikisema mzee wao "amerogwa" au "amekuwa mlevi" wakati mikono yake inatetemeka kwa sababu ya kazi aliyowalishia watoto.

Kipimo kipo?

Kipo. Kwa mtu anayevuta mvuke, hupimwa mkojo. Kwa sumu iliyoingia kwa njia ya samaki, hupimwa damu au nywele. Zahanati haina uwezo huo, kwa hiyo omba rufaa. Dawa za kuivuta sumu mwilini zipo pia, ila hutolewa na daktari mwenye ujuzi nazo. Usizitafute dukani. Na hazina maana kama kesho unarudi kwenye moshi ule ule, maana tiba ya kwanza ni kuacha kuvuta. Ukiacha, mwili wenyewe hupunguza karibu nusu ya zebaki iliyomo katika muda unaokaribia miezi miwili, ingawa madhara yaliyokwisha kufika kwenye ubongo huenda yasirudi nyuma yote.

Tunakunywa maziwa baada ya kuchoma. Hayasafishi?

Hayasafishi. Maziwa yanaingia tumboni, mvuke umeshapita mapafuni. Kunywa maziwa kwa afya yako, lakini usiyategemee kama kinga. Leso puani na barakoa ya vumbi nazo ni hivyo hivyo: zinazuia vumbi la karasha (na vumbi hilo nalo lina ubaya wake), ila mvuke unapita kana kwamba hakuna kitu.

Mke wangu ni mjamzito naye anasaidia kuchenjua. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto wakati ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Mjamzito na watoto wasiwepo kabisa mahali pa kuchomea, hata kwa kupita. Anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa kujiamulia. Aache moshi, kisha azungumze na mhudumu wa kliniki. Nawe baba, nguo za kazini zivue kabla ya kumpakata mtoto, na zifuliwe peke yake.

Samaki wa Ziwa Victoria je, tule?

Tuanze na Minamata, mji wa pwani huko Japani. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga majitaka yenye zebaki kwenye ghuba yao kwa miaka mingi. Paka wakaanza kuyumba na kuanguka kama waliolewa, kisha watu, na mwaka 1956 ugonjwa huo ukatangazwa rasmi. Wamama walioonekana wazima walijifungua watoto wenye ulemavu mzito. Wote walikuwa wamekula samaki.

Kule, sumu ilitoka kiwandani ikiwa tayari ni methilizebaki, aina ya zebaki inayoingia kwenye samaki. Kwetu njia ni hii. Zebaki ikifika kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki hiyo hiyo, ambayo ni kali zaidi na hufyonzwa na tumbo karibu yote. Samaki mdogo anaibeba kidogo, anayemla anakusanya ya wengi, na mkubwa wa mwisho ndiye mwenye nyingi. Haikai kwenye mafuta bali kwenye mnofu wenyewe, kwa hiyo kukaanga, kubanika au kukausha hakuiondoi.

Kwa Ziwa Victoria, vipimo vilivyofanywa vimeonyesha samaki wengi wako chini ya miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo ya samaki, kiwango kinachotumika kama kikomo. Kwa hiyo sisemi watu waache samaki. Dagaa hasa ni chakula kizuri na wako chini kwenye ngazi hiyo ya mkubwa kumla mdogo. Mjamzito anayeishi karibu na machimbo apendelee dagaa na samaki wadogo kuliko sangara mkubwa sana.

Marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa) tunamuuzia mwenye mtambo wa sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu iliyobaki. Sumu si inaondoka nayo?

Inaondoka kwako na kwenda kwa jirani. Mchanga uliokwisha tiwa zebaki, ukiwekewa sayanaidi, zebaki huyeyuka kwenye maji na kusafiri kirahisi zaidi kuliko ilivyokuwa ikisafiri peke yake. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja mambo manne ya kukomeshwa kwenye uchimbaji mdogo, na hili ni mojawapo. Mengine ni kumwaga zebaki kwenye unga wote badala ya mchanga mzito tu, kuchoma bonge hewani, na kuchoma kwenye makazi ya watu.

Kazi hii ndiyo inasomesha watoto. Mnatuambia tuache?

Hapana. Ninachokuomba kwanza ni kuihamisha. Pa kuchomea pawe mbali na nyumba, kisima na jiko la chakula, na bati, kijiko au sufuria iliyochomea isirudi tena jikoni.

Kisha tafuta ritoti. Ni chombo kidogo cha chuma chenye mfuniko na bomba. Mafundi hukitengeneza hata kwa viungio vya mabomba ya maji, ila yasiwe yale yaliyopakwa zinki. Bonge linafungiwa ndani, moto unawekwa chini, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji na kurudi kuwa zebaki. Kikifungwa vizuri kinarudisha kati ya asilimia 75 na 95. Zebaki unayonunua kwa pesa yako unaitumia tena badala ya kumvutisha mwanao. Usikifungue kabla hakijapoa kabisa. Wengi wanaharakia kuiona dhahabu na kujivutisha yote iliyosalia.

Njia isiyotumia zebaki kabisa nayo ipo. Huko Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wameyeyusha dhahabu kwa boraksi, unga mweupe wa madini, kwa miaka mingi, na njia hiyo imewahi kujaribiwa kwa wachimbaji wa Tanzania pia. Inadai mchanga uoshwe vizuri zaidi kwanza, na hapo ndipo ugumu ulipo. Vikundi vinavyochangia meza ya kutikisa mchanga ndivyo vinavyoweza kufika huko haraka.

Imemwagika ndani ya nyumba. Nifagie?

Usifagie. Ufagio unaikata vipande vidogo vidogo na kuisambaza, na kila kitone kinatoa mvuke wake. Watoe watoto nje, fungua milango na madirisha. Vaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi, vua pete. Sukuma vitone kwa kipande cha kadi ngumu mpaka viungane, vikusanye, na vile vidogo kabisa vinase kwa utepe wenye gundi. Weka kila kitu kwenye chupa yenye maji kidogo juu yake na uifunge sana. Usiimwage chooni wala shambani. Kama sakafu ni ya udongo, chimba udongo wa juu mahali pale, uutie kwenye chombo kinachofunga, na chumba hicho asilale mtu usiku huo.