Je, sayansi imethibitisha kuwa binadamu ni mbinafsi?

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti watafiti wamethibitisha kwamba kila binadamu hujali tumbo lake tu. Si kweli.

Chukua mchezo mmoja unaofanyiwa majaribio tangu 1982. Unapewa, tuseme, shilingi 10,000 ugawane na mtu usiyemjua. Akikubali kiasi ulichomtajia, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, wote mnakosa. Mbinafsi halisi angetoa mia, na mwenzake angeipokea. Lakini katika majaribio mengi watu hutoa asilimia 40 hadi 50, na anayetajiwa chini ya 20 mara nyingi hukataa. Bora akose kuliko adhulumiwe. Utafiti wa 2001 katika jamii ndogo 15, wakiwemo Wahadza wa Tanzania na Waorma wa Kenya, ulikuta viwango vinavyotofautiana sana, ila hakuna jamii iliyofuata ubinafsi mtupu.

Mkanganyiko umetoka kwenye nadharia ya michezo, yaani hesabu za jinsi watu wanavyoamua pale matokeo ya mmoja yanapotegemea uamuzi wa mwingine, ambayo mara nyingi huanza kwa kudhani kila mchezaji anajitafutia faida. Dhana ya kuanzia hesabu ikageuzwa matokeo. Wachoyo wapo, hilo halina ubishi.

Ukiupokea ujumbe huo, uliza: jaribio gani, mwaka gani, watu walitoa kiasi gani? Ukikosa majibu, usiusambaze.