Lenzi ya makro si ya wadudu na maua peke yake

Miongoni mwa wapenda picha, Bagamoyo kama kwingineko, ipo imani ya siku nyingi kwamba lenzi ya makro ni ya vitu vidogo tu: mdudu, ua, pete ya bibi harusi. Ukitaka kupiga mtu au jahazi, badilisha lenzi. Imani hiyo inaeleweka, maana lenzi hizi husifiwa zaidi kwa kusogelea.

Ukweli ni kwamba makro nyingi hulenga, yaani hukifanya kitu kitoke kikali, kuanzia karibu kabisa hadi upeo wa macho. Upekee wake ni kukichora kitu kwenye sensa, yaani kile kipande cha kamera kinachonasa picha, kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1. Ya milimita 100 (urefu wa fokasi; ukiongezeka, eneo linaloingia kwenye picha hupungua) yenye f/2.8 (kipimo cha tundu la kupitishia mwanga) hupiga sura ya mtu vizuri mno, na nakshi za milango ya Mji Mkongwe hutoka kali hadi pembeni mwa picha. Zipo chache zisizoweza kulenga mbali, kama MP-E 65mm ya Canon.

Udhaifu upo. Nyingi hulenga taratibu, hivyo watoto wanaokimbia ufukweni zitawakosa. Swichi ya kuwekea mpaka wa umbali wa kulenga, kama ipo, husaidia sana. Tena kwa milimita 100, ukiwa uchochoroni, nyumba nzima haiingii. Kwa matembezi, mimi ningechagua ya 50 au 60.

Jaribu mwenyewe: lenga jahazi lililo mbali baharini, rudia kwa lenzi yako ya kawaida kwa f/8 ileile, kisha zikuze picha zote mbili uzilinganishe.