Mwanga wa darasani unahusianaje na usikivu wa mtoto?

Kuona ni nusu tu ya kazi ya jicho. Mwaka 2002 David Berson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwa kutumia panya kuwa nyuma ya jicho zipo seli zinazohisi mwanga zenyewe na kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku. Binadamu anazo pia. Huamshwa zaidi na mwanga wa buluu, ule uliojaa angani mchana. Zikiupata wa kutosha, ubongo huzuia melatonini, homoni ya usiku, na mtu huchangamka.

Nje, hata mawingu yakitanda, mwangaza waweza kufika laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwangaza). Darasani Ulaya kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi kilikuwa laksi 300. Macho huzoea upesi, chumba kikaonekana cheupe, kumbe kwa seli zile ni kama jua limeshazama. Watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walijaribu taa ambazo mwalimu aliweza kuzibadilisha kulingana na somo. Watoto wakapunguza makosa kwenye jaribio la umakini na wakasoma kwa kasi zaidi.

Basi tuvunje kuta tuweke madirisha? Taratibu. Utafiti wa California wa 1999 uliwasifu sana wanafunzi wa madarasa yenye mwanga wa jua, lakini uliporudiwa Fresno, mji wa jimbo hilo hilo, miaka michache baadaye matokeo hayakujirudia, na mng'ao wa madirishani ulionekana kuwaharibia watoto masomo.

Mng'ao huo twaujua. Dirisha likitazama mashariki, jua la asubuhi hupiga ubaoni, chaki isisomeke. Mtoto wa pembeni anapinda shingo, anachungulia daftari la jirani, mara mwalimu: "Wewe, simama! Unaongea nini?" Ndiyo maana kwetu, karibu na ikweta, jengo la darasa hulazwa mashariki-magharibi, madirisha yakaelekea kaskazini na kusini, jua likapita juu ya bati.

Taa nazo zina vituko vyake. Tyubu za zamani zenye choki nzito ya sumaku (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, ila kwenye ofisi moja Uingereza, zilipowekwa zisizopepesa, malalamiko ya kuumwa kichwa na macho yalipungua kwa nusu au zaidi; na mwenye kichwa kinachogonga hafuati hesabu. Kupima ni bure: elekeza kamera ya simu kwenye taa. Ukiona milia myeusi inatembea kwenye kioo, taa hiyo inapepesa.