Balozi Hawezi Kukutafutia Soko la Parachichi

Juma lililopita nilialikwa kuzungumza na wasafirishaji wa mazao ya bustani, na kabla chai haijamiminwa bwana mmoja wa makamo alisimama, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akatoa maneno ambayo nimekuwa nikiyasikia tangu nilipokuwa mwambata wa biashara katika ubalozi wetu mmojawapo: kwamba balozi zetu zimelala, zinahudhuria hafla tu, wala hazimtafutii mkulima soko. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Siku ile nilijibu kwa upole. Leo nitajibu kwa urefu, maana nimechoka.

Neno "soko" hapa linabeba vitu viwili visivyofanana. Kuna mnunuzi, na kuna ruhusa. Mnunuzi wa parachichi hana haja ya kutafutwa na balozi. Msafirishaji yeyote mwenye simu na picha nzuri za mzigo wake humpata ndani ya wiki moja, na mara nyingi mnunuzi ndiye anayeanza kupiga. Ruhusa ni jambo jingine kabisa. Hiyo hutolewa na mamlaka ya karantini ya nchi ile kwa kuiamini mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yetu, na katika shughuli hiyo balozi ni tarishi mwenye suti nzuri. Akipewa bahasha kamili, ataifikisha hata kwa waziri. Akipewa bahasha tupu, tabasamu lake halitaijaza.

Tazama yaliyowapata majirani zetu. Mwezi Aprili 2019 Kenya ilitia saini na China makubaliano ya kuuza parachichi, na magazeti yakaandika kwamba soko la China limefunguliwa. Lililofunguliwa ni tundu la sindano: kwa hofu ya nzi wa matunda, tunda lilitakiwa limenywe na kugandishwa hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, mitambo ambayo wasafirishaji wengi hawakuwa nayo. Parachichi bichi lilisubiri hadi Januari 2022, itifaki mpya, yaani makubaliano ya masharti ya uuzaji, iliposainiwa Mombasa, na shehena ya kwanza ikaondoka Agosti mwaka huo. Katika miaka ile mitatu kazi iliyokuwa inasubiriwa ilikuwa ya mashambani na vituo vya kufungashia: mitego ya wadudu, usajili wa mashamba, ukaguzi. Sisi Tanzania tulisaini itifaki yetu ya parachichi Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Beijing, na siku iliyofuata simu yangu iliita tangu alfajiri. Kila mpigaji aliuliza kontena liondoke lini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza shamba lake linasajiliwa wapi.

Sasa niseme penye kuniudhi hasa, na hapa nianze na kosa langu mwenyewe. Mamlaka ya kilimo ya nchi niliyokuwa nikihudumu ilituandikia kuomba taarifa za parachichi letu: orodha ya wadudu na magonjwa, maeneo wanakopatikana, namna tunavyowadhibiti, na ushahidi wa ufuatiliaji. Kiambatisho kilikuwa na kurasa nne za maandishi madogo. Mimi, nikijiona hodari, niliandika barua ya kusindikiza yenye aya moja nzuri iliyosema kwamba "wanaomba taarifa kuhusu wadudu waharibifu". Barua ikaenda nyumbani, likafunguliwa jalada, likaandikwa dokezo, dokezo likazaa barua ya wizara ya pili, na wizara ya pili ikaandikia taasisi. Aya yangu ndiyo iliyosafiri safari yote hiyo. Kiambatisho kilibaki katika jalada la kwanza. Baada ya miezi saba nililetewa kipeperushi cha rangi chenye picha ya nzi wa matunda na maelezo ya faida za kilimo cha kisasa. Hakuna aliyelala, na kila afisa aliijibu barua iliyomfikia mezani, nayo haikuwa barua tuliyoandikiwa. Msafirishaji mmoja alikuwa akinipigia kila Ijumaa muda wote huo, na hadi leo anaamini kwamba ubalozi ulimdharau.

Kisa kama hicho kikisimuliwa, dawa inayopendekezwa haraka ni moja: wizara na taasisi zote zinazohusika ziwekwe chini ya paa moja. Australia iliunganisha mambo ya nje na biashara mwaka 1987 na bado imebaki hivyo. Korea Kusini iliweka majadiliano ya biashara chini ya mambo ya nje mwaka 1998, kisha ikayaondoa mwaka 2013. Uingereza iliunda wizara ya biashara ya kimataifa mwaka 2016 na kuivunja mwaka 2023. Kila moja ilikuwa na hoja nzuri, iwe siku ya kuunganisha au siku ya kutenganisha, nami sijashawishika kwamba paa lina uzito wanaoupa watu. Hata ukiunda taasisi mpya, mwaka wa kwanza huishia kwenye nembo, mihuri, na kuziarifu nchi nyingine kwamba anwani imebadilika.

Jambo ambalo wapenda paa moja hawalitazami ni kwamba taasisi hizi zina sheria zinazozipa kazi zinazokinzana, na ni vizuri zikinzane. TanTrade, mamlaka yetu ya maendeleo ya biashara, ina kazi ya kukuza biashara. TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ina kazi ya kusema hapana. Nimekaa katika vikao ambamo mkaguzi wa mimea aliambiwa, mbele ya wafanyabiashara, kwamba anakwamisha maslahi ya taifa kwa kukataa kusaini cheti cha mzigo wenye dalili za wadudu. Ninaelewa hasira ya mwenye mzigo. Kontena lenye ubaridi linalipiwa kila siku linaposimama. Lakini thamani ya saini ya mkaguzi yule iko katika uwezo wake wa kuinyima. Nchi ya pili ikishagundua kwamba cheti chetu hupatikana kwa simu ya mkubwa, haitamfungia mwenye kontena peke yake, itatufungia sote, na hapo ndipo balozi ataamshwa usiku wa manane ili akaombe radhi. Kwa hiyo ninaposema uratibu, simaanishi kuwafanya wote waimbe wimbo wa msafirishaji. Namaanisha kwamba mkaguzi, afisa forodha, mkuza biashara na mwambata wasome karatasi moja, ileile, yenye viambatisho vyake, na ijulikane jina la mtu mmoja anayedaiwa jibu na tarehe anayodaiwa. Ni kazi ya kikarani, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeitaka.

Kuna tukio linalonitia mashaka na hoja yangu mwenyewe. Aprili 2025 Wizara ya Kilimo, chini ya Waziri Hussein Bashe, ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zimezuia mazao yetu. Ndizi zetu zilikuwa zimefungiwa mlango wa Afrika Kusini kwa miaka. Siku chache baadaye zuio letu liliondolewa, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yameanza. Barua za kistaarabu za miaka kadhaa hazikuwa zimeleta mwendo huo. Je, basi kinachohitajika ni mabavu, wala si karani? Sina jibu safi. Najua tu kwamba mazungumzo yakishafunguliwa kwa mabavu, swali la kwanza mezani huwa lilelile la kurasa nne za maandishi madogo.

Na nikiri jingine ambalo taarifa zetu za mwaka hazikiri. Mauzo yalipopanda katika kituo changu, niliandika kwamba ni matunda ya jitihada za ubalozi. Yaliposhuka, niliandika kuhusu hali ya uchumi wa dunia. Ni kiasi gani kingeuzwa hata kama nisingekuwapo? Ningependa kuamini kwamba kingekuwa kidogo, ila sikuwahi kuwa na namna ya kulipima hilo, wala mabosi wangu hawakuwahi kuniuliza.

Baada ya kikao cha juma lililopita, yule bwana alinifuata nje, akanishika mkono na kuniomba nimuunganishe na mnunuzi wa Guangzhou. Nikamwuliza namba ya usajili ya shamba lake kwa soko la China. Akatazama pembeni kidogo, akacheka, akasema, "Mzee, hilo suala si ndilo la ubalozi?"