Kura ya Yona na kura ya kiranja

Mpwa wangu wa darasa la pili, hapa Tabora mjini, juzi karudi shule kanuna. Kulikoni? "Mjomba, tumepiga kura ya kiranja, sikubahatika." Kumbe mwalimu alikunja vikaratasi vyenye majina, akavitia kwenye kofia, akatikisa, akafumba macho, akachomoa kimoja. Hii si mara ya kwanza nasikia mtoto akielezwa kwamba huko ndiko kupiga kura.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Kura ya uchaguzi ni neno la mtu mmoja kuhusu nani anamtaka, linalohesabiwa pamoja na ya wenzake, na penye wengi ndipo jambo linapoamuliwa. Katika nchi yetu anayepiga ni raia aliyetimiza miaka 18 na jina lake limo kwenye daftari la wapiga kura.

Kinachonisumbua ni kwamba mwalimu, ukimfuata kwenye asili ya neno, hajakosea. "Kura" tumelitoa kwenye Kiarabu, qur'a, na huko maana yake ndiyo hiyohiyo ya kofia: kuachia bahati iamue. Kisa cha Yona, au Nabii Yunus, kinajulikana kanisani na msikitini. Chombo kimepigwa na dhoruba, mabaharia wakapiga kura, ikamwangukia yeye, akatupwa majini. Hakuna baharia aliyemchagua Yona. Wala hakuna aliyemnadi! Kwenye upatu pia akina mama wanapiga kura nani aanze kupokea, na hapo sina ugomvi nao, neno limekaa mahali pake. Hata hilo "kupiga" tunalitumia kwa ramli. Ndiyo maana mtoto mmoja jirani aliwahi kuniuliza kura inapigwa kwa fimbo au kwa mkono.

Ila neno lilihama. Sasa linabeba mizigo miwili isiyofanana: kwenye kofia karatasi moja inaamua, nyingine zote zinatupwa bila kusomwa, kwenye sanduku kila karatasi inafunguliwa na kuhesabiwa, hata ya aliyeshindwa.

Na sisi wa Tabora tusingepaswa kuchanganya. Januari 1958 TANU ilikutana hapahapa mjini, ikabishana kwelikweli kuhusu kura tatu. Utaratibu wa mkoloni ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga: uwe na elimu ya darasa la nane, au pato la paundi 150 kwa mwaka, au kazi ya cheo fulani. Wengi waliona ni matusi, wakataka chama kisusie. Nyerere akawashawishi waingie, na waliosimama kwa kuungwa mkono na TANU wakashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. Kama kura ingekuwa bahati, watu wangegombana hivyo ya nini?

Kwa hiyo, mwalimu, kwa heshima zote: mchezo wa kofia endelea nao, ni wa haki na hauna upendeleo, ila uite kuchomoa karatasi. Ukitaka kura, waache wanaotaka ukiranja wasimame wajieleze, hata kwa sentensi mbili. Tundika khanga kwenye kona, weka boksi la viatu lenye tundu. Kila mtoto apewe karatasi moja, aingie peke yake, aweke alama ya vema. Asiyejua kusoma vizuri mchoree kila mgombea tunda lake, huyu embe, yule papai. Hata karatasi za wakubwa zina picha. Kisha mwaga karatasi mezani, hesabuni kwa sauti wote wakiona.

Mpwa wangu nimemwambia hivi: hukushindwa kura, mjomba wangu. Hukuchomolewa tu.